Filamu ya Mkulima Hairekodiwi kwa Siku Mbili

Kila masika yakikaribia, watengenezaji wa filamu za mafunzo hapa Kisumu huletewa mkataba ule ule: filamu ya kilimo, dakika 20, siku mbili za kurekodi. Inaudhi. Watu waliojitolea maisha yao kufundisha kwa picha wanalipwa wasifundishe.

Chukua kayongo, gugu linalonyonya mahindi kwenye mizizi. Madhara yake huanzia chini ya ardhi, mahindi yakiwa bado yanaonekana mazima. Likichomoza na maua yake ya zambarau, limeshanyonya. Filamu ya kufundisha vuta-sukuma, yaani kupanda mmea wa desmodiamu kati ya mahindi ili kuzuia kayongo, inadai safari nne. Machi, mbegu za desmodiamu zinachanganywa na mchanga laini na kufukiwa juujuu tu kati ya mistari ya mahindi. Wiki ya tatu ni palizi, na hapa ndipo wakulima wengi huharibu: mche wa desmodiamu ni mdogo, hung'olewa ukidhaniwa gugu. Kamera ishuke hadi usawa wa udongo, ikae kwenye jani lake sekunde 10 nzima, kisha kwenye gugu lililo kando. Mikono ya mkulima ipigwe picha kutoka begani kwake. Ukimkabili, kulia kwake kunakuwa kushoto kwa mtazamaji. Kayongo likichanua, shina la mahindi lichimbwe kwa jembe, lisivutwe, maana likivutwa kiungo cha kayongo na mzizi hukatika na hakuna cha kuonyesha. Mwisho, mavuno.

Siku mbili zinakupa nini? Ofisa anayehutubia kivulini, na mkulima anayejifanya kupanda katika udongo mkavu wa Januari. Watazamaji wa Siaya wanajua udongo. Hawatamwamini tena.

Ndiyo, safari nne ni gharama. Basi waende watu wawili, si tisa.

Na lugha! Wakoloni wa Vugiri, Tanganyika, waliotengeneza filamu 35 kati ya 1935 na 1937, walimdharau Mwafrika, siwatetei. Lakini sauti zao zilikuwa kwenye santuri, kwa hiyo waliweza kubadilisha lugha bila kugusa picha. Leo tunakabidhi faili moja, msimulizi na muziki vimeshikana, halafu Dholuo au Lubukusu haviingii. Sauti ya msimulizi iwe faili yake, ya shambani yake, muziki wake.

Mfadhili alipe kwa awamu nne, kila awamu baada ya safari yake, na ya kwanza ilipwe kabla mvua haijanyesha.