Nyutrino Imefika, Gama Haikuonekana: Tuanzie Wapi Kutafuta?

Kinadharia hakuna ubishi kwamba nyutrino, chembe ndogo zisizo na chaji, huzaliwa pamoja na miale ya gama. Protoni yenye nishati kubwa ikigongana na protoni nyingine au na fotoni (chembe ya nuru), huzaa pioni, chembe zinazodumu kwa muda mfupi mno. Pioni zenye chaji huoza zikatoa nyutrino. Zisizo na chaji hutoa miale ya gama. Ni ndugu wa tumbo moja. Ndiyo maana IceCube, kitambuzi kilichozikwa kwenye barafu ya Ncha ya Kusini, kikinasa nyutrino yenye nishati kubwa, taarifa husambazwa mara moja na wanaastronomia huanza kukagua data za gama.

Watetezi wa njia hii wana hoja nzito. Tarehe 22 Septemba 2017 ilinaswa nyutrino iliyokadiriwa kuwa na nishati ya TeV 290 (TeV moja ni elektronivolti trilioni moja), ikielekeza kwenye TXS 0506+056, blaza, yaani galaksi ambayo shimo jeusi lake hurusha mkondo wa chembe kuelekea kwetu, ambayo wakati huohuo setilaiti ya Fermi, inayopima gama, iliiona iking'aa kuliko kawaida. Darubini za MAGIC huko La Palma nazo zikanasa gama zake. Hata hivyo uhusiano huo ulifikia sigma 3 tu (sigma hupima jinsi ilivyo vigumu jambo kutokea kwa bahati tu), na wanafizikia hudai sigma 5 kabla ya kutamka kwamba jambo limegunduliwa.

Kinachonitatiza zaidi ni nusu ya pili ya kisa hiki, ambayo wengi huiruka. Data za zamani zilipopekuliwa, ilionekana kwamba mwaka 2014 hadi 2015 upande huohuo wa anga ulileta nyutrino takriban 13 zaidi ya zilizotarajiwa. Blaza hiyo wakati ule haikuwa na mlipuko wowote wa gama.

Kisha ikaja NGC 1068, galaksi iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 47 hivi. Mwaka 2022 IceCube ilitangaza nyutrino 79 kutoka huko, kwa sigma 4.2. MAGIC ilikuwa imeiangalia kwa muda mrefu bila kupata gama za kiwango cha TeV. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba nyutrino huzaliwa karibu kabisa na shimo jeusi lililo katikati yake, mahali palipojaa eksirei. Gama hugongana na fotoni za eksirei hizo zikageuka elektroni na positroni (elektroni zenye chaji chanya), na nishati yake hatimaye hutoka ikiwa imeshuka hadi kiwango cha MeV (elektronivolti milioni). Nyutrino hupita bila kuguswa.

Kwa hiyo wakosoaji wanauliza: kwa nini tuchague vyanzo kwa mng'ao wa gama? Uchambuzi wa IceCube wa mwaka 2017 ulikwisha kuonyesha kwamba blaza zilizoorodheshwa na Fermi haziwezi kuchangia zaidi ya asilimia 27 hivi ya nyutrino zote za nishati kubwa zinazotoka angani.

Naona wana haki, ila si kwa kila hali. Nyutrino moja pekee huja na kosa la mwelekeo linaloweza kufikia digrii nzima, na eneo kama hilo lina galaksi chungu nzima. Hapo wakati ndio husaidia, yaani kujua ni galaksi ipi iling'aa ghafla nyutrino ilipofika, na Fermi hupitia anga lote kila baada ya saa tatu hivi. Kwa tukio la ghafla, nitaanza na gama. Kwa chanzo kinachotoa nyutrino polepole kwa miaka, nitaanza na eksirei, na kukosekana kwa gama nitakuhesabu kama kipimo cha jinsi mazingira yake yalivyosongamana. Pengo kubwa liko kwenye MeV, ambako vifaa vyetu bado ni dhaifu.