Wati Elfu Tano Kwenye Soketi Moja

Jamani, hivi hesabu tuliziacha shuleni? Boksi la spika limeandikwa kwa herufi nyekundu "5000W PMPO", yaani wati za kilele za kwenye matangazo, na mtu mzima na akili zake analibeba begani huku anatabasamu. Hebu ligeuze hilo dude nyuma, usome kile kibandiko kidogo ambacho hata muuzaji hajawahi kukisoma: 230V, 50Hz, 60W. Yaani linavuta wati 60 ukutani, halafu litoe 5,000 sebuleni! Kama hilo linawezekana, tulifunge Bwawa la umeme la Mtera, kila mtaa upewe sabufa mbili.

Cha kutafuta ni RMS. Hizo ndizo wati ambazo spika inazibeba mfululizo bila kuungua. Sebule ya mita nne kwa nne, wati 20 au 30 za kweli kila upande zinatosha kabisa kumnunisha jirani. Ukitaka sauti kubwa zaidi, angalia desibeli (dB), yaani sauti inayotoka spika ikipewa wati moja tu: spika ya 90 dB ukiilinganisha na ya 87 dB, hizo 3 zilizozidi ni sawa na kuongeza nguvu ya amplifaya mara mbili, bila kuongeza hata senti ya umeme. Lakini nani asome desibeli wakati ile nyingine ina taa za bluu zinazocheza? Tunanunua taa, spika tunapewa kama nyongeza.

Na huo ununuzi wenyewe, mara nyingine wala haukuhitajika. Redio ya enzi za kaseti ikianza kukoroma, kila mtu nyumbani anakuwa daktari: "hiyo imekufa, tupa." Nani kaifungua? Toa kitambaa cha mbele, gusa ile pete ya sponji inayozunguka koni, lile bakuli linalotetemeka. Ikimomonyoka vidoleni, umepata mchawi wako. Sponji huoza yenyewe kwa miaka, na joto na unyevunyevu wa Pwani huiharakisha, hata kama redio ilifunikwa kitambaa cha kufuma siku zote. Koni na koili (ule waya uliozungushwa nyuma ya koni) zikiwa nzima, pete hubadilishwa. Lazima ilingane na koni, na koili ikae katikati kabla gundi haijakauka, la sivyo itasugua sumaku na mkwaruzo utarudi palepale. Fundi akitoa supaglu mfukoni, mnyang'anye spika yako uondoke. Ile inashika papo hapo, haikupi nafasi ya kusogeza kitu.

Haya, umesema unataka spika mpya. Chukua zenye pete ya mpira. Sasa twende kwenye omu (Ω), kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme, mahali ambapo redio nyingi huuawa na wenyewe. Nyuma ya redio, karibu na matundu ya waya za spika, pameandikwa tuseme 6Ω. Spika za omu 8 ruksa, sauti itapungua kidogo tu. Za omu 4 zitavuta mkondo mkubwa kuliko redio ilivyopangiwa: itachemka, itajizima, siku moja haitawaka. Halafu kuna watu wa sherehe, wanaochomeka spika mbili za omu 8 kwenye tundu moja, waya nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Hizo tayari zimekuwa omu 4! Ukiwaambia, wanakujibu, "Mbona inapiga?" Inapiga, ndiyo. Mpaka Krismasi. Spika isiyo na maandishi, ipime kwa mita: ya omu 8 husoma 6 hadi 7, ya omu 4 husoma 3 na pointi.

Waya nao! Mtu kanunua spika za laki kadhaa, anaziunga kwa waya wa kengele. Chukua wa shaba wa 1.5 mm². Ukwangue kwa wembe pale pale dukani: ukiona nyeupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, usiilipie bei ya shaba. Nyuzi zisokote vizuri, maana unyuzi mmoja ukivuka kutoka chanya kwenda hasi, kwaheri amplifaya. Na wewe unayebana matumizi kwa kupitisha hasi moja kwa spika zote mbili, acha. Amplifaya nyingi hazitaki hasi za kulia na kushoto zigusane.

Ukiunga ukasikia besi imekimbia, usirudi dukani kugombana. Waya za spika moja zimegeuzwa, chanya kwa hasi. Chomoa spika, chukua betri ya volti 1.5, chanya kwa chanya, gusa mara moja tu: koni itoke nje. Ikiingia ndani, alama zimekosewa.

Baada ya taabu zote hizo, spika moja inapandishwa juu ya kabati itazame feni, nyingine inasukumwa nyuma ya kochi. Eti zinabana nafasi! Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ikae usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, spika iache ukuta kama sentimita 30, na ikimbie kona, kwa sababu kona huvimbisha besi. Redio ndogo nayo isikazwe hadi mwisho. Ikizidiwa, inakata mawimbi ya sauti, na twita ndiyo inayotangulia kuungua. Na lile chungu la maua ya plastiki liondoke juu ya spika. Linatetemeka, na ndiyo hiyo mnayoisifia kuwa besi.