Kiwanja kikikodishwa, Pemba iko ukurasa wa ngapi?

Kila zikija habari za kukodishwa Kiwanja cha Ndege cha Abeid Amani Karume, kile cha Unguja, mazungumzo ya barazani na kwenye magrupu ya WhatsApp yanaishia pale pale: kwa nini apewe mgeni? Kwa sisi tunaoishi Frankfurt, suali hilo limekaa upande. Fraport, kampuni inayoendesha kiwanja cha huku, zaidi ya nusu ya hisa zake ni za umma: jimbo la Hessen lina kiasi cha asilimia 31, na mji wa Frankfurt, kupitia shirika lake la huduma, asilimia 20. Kampuni hiyo hiyo ikivuka mpaka ni mgeni kama wageni wengine, na sehemu ya faida ya visiwa vya watu inarejea kwa mwenye hisa Hessen. Nani anakula na nani anaramba vidole huamuliwa na vifungu vya mkataba.

Tazama Ugiriki, maana visiwa vyao na vyetu vinaishi kwa msimu ule ule wa watalii. Aprili 2017 Fraport na mshirika wake wa Kigiriki walikabidhiwa viwanja 14 vya mikoani kwa miaka 40, vikiwemo Rhodes, Corfu, Kos na Santorini. Walitoa euro bilioni 1.234 kwa mkupuo, juu yake ada ya kila mwaka na wajibu wa kukarabati majengo. Mikataba yenyewe iliridhiwa na Bunge kuwa sheria mwaka 2016, kwa hiyo mvuvi wa Kos akitaka kuisoma, anaisoma. Corona ilipoingia, serikali ikalazimika kumfidia mwendeshaji kwa kumsamehe ada. Kifungu cha nani anabeba hasara kinaonekana kidogo mpaka siku ndege zinaposimama.

Lakini Wagiriki nao walikosea pahala. Viwanja vyengine 23 vya mikoani, vingi vyao visivyojilipa, vilibaki kwa serikali. Mwendeshaji kachukua mnofu, hazina imeachiwa mifupa. Cape Verde walikuwa werevu zaidi: mwaka 2023 walipowapa kampuni ya VINCI ya Ufaransa, waliweka viwanja vyote 7 katika mkataba mmoja wa miaka 40, vinne vya kimataifa na vitatu vya ndani. Anayetaka kisiwa chenye watalii hana budi kuhudumia na kile chenye abiria wachache.

Hapo ndipo Pemba inapoingia, na sababu yake ni uzito tu. Ada ya kutua hutozwa kwa tani za ndege, yaani uzito wake wa juu kabisa wa kurukia. Boeing 787-8 inayoleta watalii Unguja ina kiasi cha tani 228. Cessna Caravan, ndege ndogo inayotua Wawi, kiwanja cha Pemba, haifiki tani 4. Kwa hesabu ya tani, 787 moja ni sawa na Caravan 57. Gharama lakini hazifuati tani. Zimamoto, mnara, uzio, mashine ya kukagulia mizigo, mtu wa kupita njia ya kurukia kila asubuhi kuokota mawe, vyote hulipwa ije ndege moja au zije ishirini. Kwa hiyo Wawi, yenye njia ya kurukia ya kama kilomita moja na nusu, haiwezi kujilipa peke yake, na kampuni yoyote yenye akili itaomba Unguja peke yake. Kuirefusha njia ile ni jambo jema, serikali imeshalitangaza, ila lami haibadilishi hesabu mpaka ndege kubwa zije kwa ratiba. Mpaka hapo Unguja lazima iibebe Pemba, na lazima iandikwe kwa shilingi ngapi.

Tuje Terminal 3, jengo la abiria la kiwanja cha Unguja. Huduma za ardhini, yaani kuhudumia ndege, abiria na mizigo ndege ikiwa chini, zimepewa dnata ya Dubai, na maduka na migahawa yakaenda kwa Emirates Leisure Retail, ambayo ni ya kundi hilo hilo. Kwa ubora wa kazi, dnata ni wazoefu, hatuna neno. Neno liko kwenye ushindani. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1996 inasema kiwanja kinachopita abiria milioni 2 kwa mwaka, hata kikiweka ukomo kwenye kazi za mizigo na za maegesho ya ndege, lazima kibakishe watoa huduma wasiopungua wawili, na mmoja wao awe hana uhusiano na mwenye kiwanja. Akiwepo mmoja tu, shirika la ndege likichoka na bei halina pa kwenda. Linaiingiza kwenye tiketi, na mtalii tayari anahesabu bima ya lazima ya dola 44 tokea Oktoba 2024.

Foleni nazo ni hesabu, si bahati mbaya. Ndege ya abiria 280, kila mmoja dakika 2 kaunta, kaunta 5: dakika 112. Ukiongeza kaunta mbili inashuka hadi 80. Ndege tatu za namna hiyo zikitua ndani ya saa moja, ni watu 840 mbele ya Uhamiaji. Kwa dakika moja na nusu kila mtu na maofisa 10, wa mwisho anatoka baada ya saa mbili na zaidi. Jengo hupimwa kwa saa yake mbaya kuliko zote, na jumla ya abiria wa mwaka, ambayo wakubwa hupenda kuitaja, haikwambii lolote kuhusu saa hiyo. London, Heathrow ikishindwa kufikia viwango vya foleni ilivyowekewa na mdhibiti, inarudisha sehemu ya ada kwa mashirika ya ndege, na matokeo yanachapishwa. Hicho ni kifungu cha kuazimwa kesho asubuhi.

Maduka ndiyo yenye fedha tamu. Kawaida mwenye duka hulipa fungu la mauzo, pamoja na kima cha chini hata asipouza kitu. Kwa masharti hayo, mama wa mikoba ya ukili na mkulima wa viungo wa Kizimbani hawaingii hata mlangoni, labda mkataba uwatengee meta zao za mraba kwa fungu dogo.

Kenya mwaka 2024 mpango wa kuikodisha JKIA, kiwanja kikuu cha Nairobi, kwa kampuni ya Adani ya India kwa miaka 30 ulisikika mitandaoni kabla serikali haijaueleza. Septemba wafanyakazi wakagoma, Novemba Rais Ruto akaufuta. Wajumbe wetu wa Baraza la Wawakilishi hawana haja ya kufika huko. Waombe kurasa tatu tu ziwekwe mezani: ya mgao wa mauzo ya maduka, ya viwango vya foleni na adhabu zake, na ile ya Wawi. Kama ya Wawi haimo, waulize kabla mkataba haujatiwa saini, kwa sababu baada ya saini mwendeshaji hana wajibu wa kuiongeza.