Njia ya miguu si kijiwe

Siku ya mapumziko ya mzazi haiji mara nyingi. Ikija, unataka umpeleke mwanao shule wewe mwenyewe, hasa Januari hii ambapo ndiyo kwanza kaanza darasa la kwanza na kibaiskeli chake hataki kukiacha nyumbani. Sasa umpitishe wapi?

Hapa Uyole, jijini Mbeya, barabara kuu ni moja: malori ya Tunduma humo humo, daladala za Mwanjelwa humo humo, magari yanayokata kwenda Tukuyu na Kyela humo humo. Pembeni kuna njia ya waenda kwa miguu, lakini bodaboda wameigeuza kijiwe, bajaji zinasubiri abiria juu yake, na palipobaki mtu kapanga magunia ya viazi. Mtoto wa miaka sita anaishia kuingia lami. Hapo ndipo lori linapopiga honi nyuma yake! Jamani, honi ya lori kwa mtoto aliyejua kukanyaga pedeli juzi tu? Anashtuka, usukani unayumba, na kwa mvua hizi ukingo wa lami ni utelezi mtupu.

Sisemi bodaboda wafukuzwe, nao wanatafuta riziki. Wapewe eneo nyuma ya maduka, ziwekwe nguzo za zege pikipiki zisipande, na asubuhi awepo askari penye kivuko. Nanyi madereva, mkiona sare ya shule mbele yenu, punguzeni mwendo bila honi. Kesho mimi nipo kazini, na mtoto huyu anapita hapo na wenzake tu.