Bunduki isubiri Desemba

Kila Novemba hapa Iowa, jimbo la katikati ya Marekani, madume wa kulungu hupoteza akili. Dume ambaye tangu Agosti alikuwa haonekani ila usiku wa manane, ambaye hakanyagi shamba kabla ya kunusa upepo, sasa anavuka barabara saa nne asubuhi, mdomo wazi, akimfukuzia jike. Mapenzi kikohozi, hayafichiki. Na huo ndio wakati ambao Wamarekani wengi huomba likizo kazini waende kumsubiri porini.

Nautoa msimamo wangu mapema. Kuwinda wakati wa kupandana hakunikeri. Kinachonikeri ni bunduki kuruhusiwa wakati huo.

Wasomaji wa Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, najua habari hii inawashangaza. Wa Tanzania wamezoea kuona uwindaji ni jambo la matajiri wa kigeni na kampuni zao. Huku mwindaji ni fundi bomba, mwalimu wa shule, mwenzako wa zamu kiwandani. Ana leseni yake, ana friza kubwa chini ya nyumba, na Novemba hana mazungumzo mengine.

Kinachowasha moto huo ni mwanga. Siku zikizidi kufupika Septemba na Oktoba, macho hupeleka habari ubongoni na homoni za dume hupanda. Shingo inamvimba. Anasugua pembe kwenye miti michanga hadi gome linatoka, anaparura ardhi kwa kwato chini ya tawi na kukojoa papo hapo ili majike wajue kuna mtu. Watu wengi hapa watakuapia kwamba baridi ndiyo inayoleta kupandana. Baridi huwafanya tu watembee zaidi mchana. Tarehe yenyewe haisogei sana mwaka hadi mwaka, kwa sababu jua halibadilishi ratiba. Mimba ya kulungu hukaa siku 200 hivi, kwa hiyo jike aliyepandwa katikati ya Novemba huzaa mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, majani yakiwa mabichi na baridi imeshaondoka. Kusini, ambako baridi haiui watoto, mambo ni huria zaidi: sehemu nyingi za Alabama hupandana Januari, na kusini kabisa mwa Florida hata Julai na Agosti.

Jike mwenyewe huwa kwenye joto, yaani tayari kupandwa, kwa siku moja hivi, pengine mbili. Akikosa dume, joto humrudia baada ya wiki nne. Ndiyo maana dume hali wala halali, na anaweza kupoteza hata robo ya uzito wake kabla theluji haijatanda. (Magari nayo huwagonga sana mwezi huu. Huku saa za ukutani hurudishwa nyuma kwa saa moja Jumapili ya kwanza ya Novemba, basi giza huwakuta watu barabarani wakitoka kazini. Jamani, punguzeni mwendo.)

Rafiki yangu mmoja wa Mombasa aliwahi kuniambia kwamba kumpiga mnyama katika hali hiyo ni sawa na kumvizia bwana harusi mlangoni. Nilicheka sana, lakini hoja yenyewe haisimami. Mwanzoni mwa Novemba majike wengi bado hawana mimba. Januari wanayo, na mara nyingi ni mapacha. Ukipima kwa huruma peke yake, basi uwindaji wa baada ya kupandana ndio mbaya zaidi, na sijasikia mtu akiulilia.

Mimi napima kwa umbali. Mwenye upinde, hata huu wa kisasa wenye magurudumu, anahitaji kulungu afike mita ishirini au thelathini. Lazima ajue upepo unaelekea wapi, apande kwenye kijukwaa chake mtini kabla ya alfajiri, akae bila kukohoa. Hata dume aliyepagawa na mapenzi huwaponyoka wengi wao. Mwenye bunduki anampiga akiwa ng'ambo ya shamba, mita mia na zaidi. Mnyama amekwisha kuvua tahadhari yake yote, nawe unamwongezea adui asiyehitaji kusogea. Hapo ujuzi uko wapi?

Iowa wameliona hilo. Wenye upinde huanza Oktoba mosi na kuendelea hadi mwanzoni mwa Desemba. Wenye gobore hupewa siku chache katikati ya Oktoba. Misimu mikuu ya bunduki husubiri hadi Desemba, joto limepoa na madume wamerudiwa na akili. Minnesota, jimbo jirani la kaskazini nilikoishi kabla ya kuhamia huku, bunduki hufunguliwa Jumamosi iliyo karibu na Novemba 6, yaani katikati kabisa ya vurugu. Wa kwanza kuanguka ni dume wa mwaka mmoja na nusu, kijana anayepanda kwa mara ya kwanza na asiyejua lolote. Pembe za kulungu huanguka kila majira ya baridi na kuota upya, na dume hufikia ukubwa wake kamili akiwa na miaka mitano au sita. Wengi hawafiki. Kwa Iowa wanafika, na ndiyo sababu watu wa majimbo mengine hulipa zaidi ya dola 600 na kungoja miaka kadhaa ili wapate moja ya leseni 6,000 za wageni.

Mtu atasema: kulungu ni wengi, wapigwe tu. Ni wengi kweli. Hapa Iowa walikuwa karibu wametoweka mwishoni mwa karne ya 19, na msimu wa kwanza wa zama hizi ulifunguliwa mwaka 1953 tu. Leo wanakula mahindi na soya za watu na hakuna mbwamwitu wa kuwapunguza. Lakini kuua madume hakupunguzi kitu. Dume mmoja hupanda majike kadhaa, na akifa, mwingine yuko nyuma ya kichaka. Mkulima anayelalamika anataka majike wapungue, na majike hawahitaji Novemba. Desemba wanakusanyika makundi makundi kwenye mabaki ya mahindi, wana njaa, wanaonekana.

Hata jikoni Desemba inashinda. Dume wa Novemba amekonda, nyama ngumu, na tezi zile za mguu wa nyuma zinanuka kiasi kwamba ukizigusa kwa kisu halafu ukagusa nyama, tangawizi na ndimu za duka zima hazitakuokoa. Jike aliyeshiba mahindi ni nyama laini ya pilau. Kwa Waislamu, wawindaji tunaofahamiana hapa husema Bismillahi wanapoachia mshale, na wakimkuta mnyama bado yu hai humchinja. Nyama ikizidi, kuna mpango wa jimbo uitwao HUSH: unampeleka kulungu kwa mchinjaji aliyejiandikisha, na nyama inakwenda kwa wenye njaa.

Sitadai kwamba Desemba ya Iowa ni safi. Kundi la watu linajipanga na kuwaswaga kulungu kutoka msituni kuelekea kwa wenzao wenye bunduki, wanyama wanatoka mbio na risasi zinawafuata wakikimbia. Wengine hujeruhiwa na kupotea. Siipendi staili hiyo na sishiriki. Lakini ni kasoro ya namna ya kuwinda. Kalenda haihusiki, kwani hata Novemba wangeweza kuswaga vilevile.

Hoja inayonipa shida ni ya yule mfanyakazi mwenye wikendi moja tu kwa mwaka, anayetaka watoto wake wamwone kulungu kabla vidole havijaganda. Kwake Novemba ni neema, na mimi si wa kumnyang'anya. Ila ukimuuliza anataka nini, wengi watasema nyama, kisha utamwona akiacha majike watatu wapite akisubiri pembe. Huyo asiniambie habari za friza.

Minnesota si lazima waige Iowa nzima. Wangesogeza ufunguzi kwa wiki mbili tu. Jirani yao Wisconsin hufungua bunduki Jumamosi ya kabla ya Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya mwishoni mwa Novemba, na sijawahi kumsikia mtu wa Wisconsin akilalamika kwamba kwao hakuna uwindaji.