Kadi ilijaa, dawa zilibaki

Kadi ya dawa za kifua kikuu ya baba mdogo ilikuwa na visanduku vidogo, kimoja kwa kila siku. Kazi yangu kama msimamizi wake ilikuwa kuweka alama ya vema kila ninapomwona amemeza. Mwezi wa kwanza niliifanya kwa moyo. Saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni kwake pale Pasua, Moshi: shikamoo baba mdogo, kikombe cha maji, vidonge vinne, vema. Mwezi wa pili nikapata kibarua upande mwingine wa mji, nikaanza kumpigia simu. "Umemeza?" "Nimemeza, mwanangu." Jumapili jioni nilichukua kadi nikajaza vema saba kwa mkupuo, kalamu ile ile, mkono ule ule.

Siku tulipohamisha kitanda chake ili fundi asakafie chumba, kopo la majani ya chai lilianguka. Ndani mlikuwa na vipande vya karatasi za dawa vilivyokatwa kwa mkasi, na vidonge 24 ambavyo havijaguswa. Hizo ni dozi za siku sita. Kwenye kadi hapakuwa na hata siku moja iliyorukwa.

Tangu siku ile naamini kwamba mara nyingi tunawapima wagonjwa hawa woga wao wa kugombezwa, tukidhani tunapima dawa walizomeza.

Inaniuma zaidi kwa sababu sisi si wageni wa ugonjwa huu. Hospitali ya Kibong'oto, kule Sanya Juu, imekuwa ikitibu kifua kikuu tangu 1926, na mwaka 2009 ndiko nchi yetu ilikoanza kutibu TB sugu, ile isiyosikia dawa za kawaida. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianza 1977, na kazi aliyoifanya Dk. Karel Styblo, mtaalamu wa kifua kikuu, pamoja na wenzake wa Tanzania ikawa msingi wa mkakati ambao Shirika la Afya Duniani liliusambaza miaka ya 1990: mgonjwa ameze dawa mbele ya macho ya mtu. Dunia ilijifunza hapa. Kuanzia 2006 tukaanza pia kumruhusu mgonjwa achague, amezee zahanati au nyumbani mbele ya ndugu yake. Nauunga mkono uamuzi huo kabisa. Mtu anayeishi kwa vibarua atakwendaje zahanati kila asubuhi kwa miezi sita? Lakini kipimo chote kimebebeshwa mtu kama mimi, anayempenda mgonjwa na kuona aibu kuandika kwamba baba yake karuka dawa.

Wapo watakaosema basi tutafute kipimo kisichodanganywa. Nimewauliza wanaojua, na kila kipimo kina tundu lake. Ukihesabu vidonge vilivyobaki, kopo la chai linakushinda. Rifampisini, moja ya dawa hizi, hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, lakini rangi hiyo inakueleza habari za leo, pengine na jana. Aliyemeza asubuhi ya siku ya kliniki atafaulu hata kama wiki nzima hakugusa dawa. Kuna visanduku vya dawa vya kielektroniki, vimeshajaribiwa hapa nchini, vinarekodi kila vinapofunguliwa. Kufungua si kumeza. Kupima dawa kwenye damu ni ghali, tena miili haifanani: wapo ambao miili yao huivunja isoniazidi, dawa nyingine ya kifua kikuu, haraka, na kiwango kikionekana kidogo utamwita mwongo mtu aliyemeza vizuri. Makohozi nayo yanapimwa baada ya miezi, wakati kosa limeshatendeka.

Sisemi vitupwe. Kisanduku cha kielektroniki kinaweza kumwonyesha muuguzi mapema kwamba siku tatu kimya, apige simu. Ila atakapopiga, ataanzaje mazungumzo?

Sisi nyumbani tulianza kwa kumgombeza. Mama alilia, mimi nilimkumbusha habari za usugu, kwamba kikohozi kuisha na mwili kurudi baada ya wiki chache si kupona. Yote ni kweli, na yote alikuwa anayajua. Alinyamaza tu, anatazama kopo.

Muuguzi aliyetupokea wiki iliyofuata hakuuliza "umemeza?" wala hakumwita mtoro. Alivuta kiti karibu, akaweka vidonge vyote 24 mezani bila kuvihesabu, akasema: "Baba, siku zipi huwa ngumu?"

Baba mdogo akajibu papo hapo. Siku za soko. Anauza mitumba Kiboriloni, anatoka alfajiri kuwahi mzigo, na dawa kwenye tumbo tupu inamchafua roho. Siku moja alitapika ndani ya daladala, watu wakasogea mbali naye. Tangu hapo, siku za soko dawa zilikuwa zinaingia kwenye kopo. Miezi miwili nzima nilikuwa nampigia simu, na sikuwahi kumuuliza swali hilo.

Ningekuwa na sauti kwenye utengenezaji wa kadi hizi, ningeongeza nafasi ya kuandika sababu pembeni ya kila kisanduku, na ningewafundisha wasimamizi wa nyumbani, kabla ya lolote, kwamba kisanduku kitupu ni taarifa ambayo kliniki inaihitaji. Na yule anayeleta kadi yenye matundu asisomewe mashtaka mbele ya foleni.

Baada ya makohozi yake kupimwa tena, muuguzi alimhamishia dawa usiku, kabla ya kulala. Kalamu nikamwachia baba mdogo mwenyewe. Mwezi uliofuata kadi ilirudi na visanduku viwili vitupu, na pembeni ya kimoja ameandika kwa herufi kubwa: NILILALA MSIBANI, DAWA NIMESAHAU NYUMBANI.