Joto Linalopaa Bure Limuru

Kila ninapotaja habari ya kupasha vivungulio kwa joto linalotupwa na viwanda, mtu hucheka. Afrika Mashariki tena tutafute joto? Si juzi tu tulikuwa tunalalamika kwamba plastiki imebabua miche? Anayecheka mara nyingi ni mtu wa Mombasa au Dar, wala simlaumu. Hajalala Kinangop mwezi wa Julai. Hajaingia kwenye kivungulio (ndugu zetu wa Tanzania wanakiita kitalu nyumba) saa kumi na moja alfajiri akakuta plastiki inatiririka maji kwa ndani kama mfuniko wa sufuria.

Matone hayo ndiyo adui. Waridi la Naivasha au nyanya ya Limuru haliuawi na baridi yenyewe, linauawa na ukungu, yaani kuvu. Hewa ikipoa usiku inashindwa kubeba unyevu wake, unyevu unatua juu ya ua na jani, na ukungu wa kijivu unapata kitanda. Asubuhi mkulima anaamka na pampu ya dawa mgongoni. Ukiongeza nyuzi chache tu za joto kabla ya mapambazuko na kuacha matundu ya juu wazi kidogo, hewa inakauka, ukungu unakosa pa kushika. Kwa hiyo joto ninalolizungumzia ni la kukausha hewa. Habari ya kuotesha nyanya katikati ya theluji tuwaachie Waholanzi.

Naivasha walilielewa hili mapema. Mwaka 2003 shamba la maua la Oserian lilianza kutumia kisima cha mvuke wa ardhini cha Olkaria, walichokikodi kwa KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya, ambacho hakikufaa kuzungusha mitambo ya umeme. Maji ya kisima hayakupitishwa moja kwa moja kati ya maua, kwa sababu yana madini yanayoganda ndani ya bomba kama ule utando mweupe wa ndani ya birika. Yalitumika kupasha maji safi, na hayo safi ndiyo yaliyozungushwa kwenye mistari ya waridi. Hekta 50 zilipata joto. Hata hewa ya ukaa iliyotoka kisimani ilielekezwa ndani, maana mmea unaila.

Na hicho kilikuwa kisima kimoja dhaifu. Mitambo ya jotoardhi, kwa wastani wa dunia nzima, hugeuza kuwa umeme takriban asilimia 12 tu ya joto linalotoka ardhini. Linalobaki linapaa kwenye minara ya kupozea au linarudishwa chini pamoja na maji. Huwezi kulinyonya lote, kwa kuwa maji yakipoa kupita kiasi madini huganda na kuziba kisima cha kurudishia, lakini sehemu yake inachukulika.

Wanaopenda mada hii hukimbilia kutaja Wissington, Uingereza. Pale kiwanda cha sukari cha British Sugar kilipeleka maji yake ya moto na hewa ya ukaa kwenye vivungulio vya nyanya vya hekta 18. Mwaka 2017 nyanya zikaondolewa, ikapandwa bangi ya kutengenezea dawa ya kifafa. Watu hucheka kwenye bangi, wanapita. Mimi nilisimama kwingine: kiwanda na vivungulio vilikuwa vya mwenye mmoja. Hakuna aliyemuuliza mwenzake nani atalipa boila ikizimwa wiki mbili kwa matengenezo.

Swali hilo ndilo linaloua mipango hii, mara nyingi kuliko uhandisi. Joto halisafiri vizuri. Kila mita ya bomba ni pesa, na kila mita linamwaga kidogo. Lazima mkulima akae mlangoni pa kiwanda, na akishakaa pale amekuwa mpangaji: kiwanda kikibadilisha mitambo, kikihama au kikifilisika, yeye anabaki na mabomba baridi na mkopo wa benki. Ningekuwa yeye nisingetia sahihi bila jiko la akiba. Na gharama ya jiko hilo ndiyo inayomfanya mkulima mdogo arudi kwenye pampu yake ya dawa.

Basi tazama viwanda vya chai vya KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo wa Kenya. Viko nyanda za juu, kwenye baridi hasa. Vinachoma kuni kwa wingi, na msimu wa majani mengi vinanguruma usiku kucha. Tena wenye hisa ni wakulima wadogo wenyewe. Mwenye kiwanda na mwenye kivungulio wanaweza kuwa mtu yule yule, mwenye gunia la majani mgongoni. Wissington ilipata umoja huo kwa kuwa kampuni moja. Sisi tunao tayari, na sijasikia ukizungumzwa kwenye mkutano wa wanahisa, ambako tunagombana kuhusu bonasi mpaka jua linazama.

Kuna ugumu, na najua wahandisi wataniandikia. Hewa inayotoka kwenye vikaushio vya chai ni ya moto lakini imejaa unyevu. Ukiiingiza kivungulioni ilivyo, umeuletea ukungu chakula hadi mezani. Sharti ipashe maji, maji ndiyo yaende. Baya zaidi, Julai majani ya chai hupungua, na Julai ndipo mkulima anapolihitaji joto. Saa ambazo kiwanda kinafanya kazi zinakuwa chache. Dawa yake ni tangi kubwa lililofunikwa vizuri, lijazwe maji ya moto kiwanda kinapofanya kazi, lifunguliwe saa tisa usiku. Tangi si teknolojia ya kwenda kutafuta ng'ambo.

Mwaka jana nilimuuliza fundi wa kiwanda kimoja upande wa Limuru joto lao linakwenda wapi. Hakujibu, alielekeza kidole juu ya paa, mvuke unapaa mweupe, unapotelea kwenye ukungu wa asubuhi. Chini ya mteremko, karibu kiasi cha kusikia king'ora cha zamu, kulikuwa na vivungulio viwili vya plastiki. Kimoja kilikuwa wazi, na mama mmoja alikuwa ndani akichuma nyanya zenye madoa na kuzitupa kwenye ndoo ya nguruwe.